Sura ya Tisa: Kuku Waliotaga Mapema

Saa kumi na moja alfajiri Inspekta Salha alikuwa ameshavaa, ameshakunywa chai ya rangi vikombe viwili, na ameshagombana na askari wa zamu kuhusu ufunguo wa mahabusu. Wiki tatu za zamu ya usiku zilikuwa zimemvuruga. Tangu Jumatatu alikuwa amerudishwa zamu ya mchana, lakini mwili wake haukupewa taarifa. Usiku macho makavu, mchana kope nzito, na muda uliobaki ni kuzunguka chumbani akipanga vitu vilivyokwisha kupangwa.

Leo alikuwa na sababu nyingine ya kutotulia. Saa tatu asubuhi mzee Bartolomayo angepandishwa kizimbani kusomewa shtaka la unyang'anyi wa kutumia silaha, na shtaka hilo halina dhamana. Angekaa rumande mpaka upelelezi ukamilike, na Salha alijua upelelezi unavyoweza kujikokota. Mzee mwenyewe ana miaka sitini na minane na kikohozi ambacho hakikumpendeza mtu yeyote pale kituoni. Saa nne ndizo zilizobaki.

Kesi ilionekana nyepesi, na wepesi wake ndio uliokuwa ukimkera. Usiku wa kuamkia Jumatatu, shamba la kuku la Bi Mwanamvua huko Veyula liliibiwa mashine mbili za kutotolesha vifaranga. Gideoni, mfanyakazi anayelala shambani, alipigwa chuma kichwani, na leo Alhamisi alikuwa bado hajafumbua macho hospitalini. Bartolomayo, mlinzi, alisema kwa kinywa chake kwamba geti alilifungua yeye. Alilifungulia gari la mayai kama kila siku; usiku huo lilifika baada ya jogoo la kwanza na kabla taa za banda hazijawaka. Alirudi kibandani kwake kuchochea uji. Aliposikia ukelele na kutoka, gari lilikuwa linaondoka na Gideoni yuko chini.

Maneno hayo ndiyo yaliyomtia matatani. Kamera ya kituo cha mafuta kwenye barabara ya Arusha ilinasa pikapu nyeupe isiyo na namba, mzigo umefunikwa turubai, saa sita na dakika arobaini usiku. Jogoo la kwanza ni saa tisa, hilo halihitaji shahidi. Taa za banda zinawaka saa kumi, hilo alilisema Seleman, msimamizi wa shamba na mtoto wa kaka yake Bi Mwanamvua, akatia na saini. Kwa hiyo mzee alikuwa anausogeza wizi mbele kwa zaidi ya saa mbili, na mtu hasogezi saa bure. Hivyo ndivyo alivyosema mkuu wa upelelezi, Afande Zablon, akafunga jalada na kwenda kula.

Lakini Salha hakuelewa mwongo wa aina hiyo. Mtu anayedanganya hujitoa getini. Huyu alijiweka getini mwenyewe, ufunguo mkononi, kisha akadanganya kuhusu saa.

Bartolomayo alikuwa ameketi mahabusu, mgongo ukutani, macho wazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gideoni ameamka?"

"Bado. Mzee, leo sikuulizi habari za wezi. Nataka habari za usiku wako. Ukifika lindoni jioni unafanya nini?"

"Nazunguka uzio. Nafunga geti. Napika ugali, nakula."

"Halafu?"

Mzee akavitazama vidole vya miguu yake.

"Mzee, karandinga linakuja kuwapeleka mahakamani saa mbili na nusu. Aibu tutaitafutia siku yake."

"Nalala," akasema taratibu. "Nalala mpaka jogoo aniamshe. Mwizi haji mapema, mwanangu. Mwizi anakuja watu usingizi umewakolea, baada ya jogoo la kwanza. Hapo mimi niko macho mpaka asubuhi. Hivyo ndivyo nilivyolinda ng'ombe wa baba yangu kule Chemba, hakupotea hata ndama."

"Huna saa?"

"Simu ninayo, lakini tangu iingie maji saa yake inasema inavyotaka. Jogoo ninaye. Nilimtoa kwetu, nikambeba mwenyewe kwenye tenga. Huyo hajaniangusha."

"Analala wapi?"

"Bandani, na mitetea. Gideoni alimtaka, apate mayai ya kutotolesha."

Salha akaacha kuandika. "Banda lenye taa?"

"Hilohilo."

Alisimama, akatembea hatua tatu mpaka mlangoni, akarudi. Kulikuwa na kitu kinamkwaruza kichwani na hakukijua jina.

"Mzee, jogoo akishawika, inachukua muda gani mpaka kupambazuke?"

Bartolomayo alicheka kidogo, bila furaha. "Hapo ndipo siku hizi panaponichosha. Zamani anawika, naweka uji, uji haujapoa gari ya mayai hii hapa, kumekucha. Wiki hizi nakunywa uji, naosha sufuria, taa zinawaka, nakaa, nakaa, mpaka njaa inarudi. Bado giza. Nikasema ni uzee, uzee unarefusha usiku. Usiku ule gari haikuchelewa. Uji uko motoni, nasikia honi mbili. Nikafurahi, nikasema leo Mungu amenionea huruma."

"Wiki hizi ngapi?"

"Tatu. Labda na siku kidogo."

"Nani alijua kwamba unalala mpaka jogoo?"

"Shamba zima. Wananitania nalo."

Salha akafunga daftari kabla hajaagana naye vizuri, jambo lililomsumbua njia nzima.

*

Koplo Brighton aliendesha gari akipiga miayo. Walifika Veyula saa kumi na mbili na nusu, jua linachomoza juu ya vichaka vya miiba na mabati ya mabanda. Mwanamke aliyejifunga kanga kiunoni alikuwa anatoka bandani na trei za mayai, tatu kwa mkupuo. Huyo alikuwa Priska, mwokotaji wa mayai, na katika jalada lote la kesi jina lake halikuwamo. Alikuwa analala kwao, anaingia kazini saa kumi na mbili, basi hakuna aliyeona haja ya kumuuliza chochote.

"Pole na kazi, dada."

"Ahsante, afande. Karibuni. Nikusaidieni nini, maana Seleman bado hajafika."

"Wewe unanitosha." Salha aliinua yai moja kutoka kwenye trei, akalishika kiganjani. Lilikuwa la baridi. Akajaribu la pili, la tatu. "Leo umeokota trei ngapi?"

"Kumi na nne. Zimebaki kama mbili hivi, basi."

"Umeanza saa ngapi?"

"Nusu saa iliyopita. Sitagi mimi, afande," akacheka. "Nikifika nayakuta yamenisubiri."

Salha akainama kuingia bandani. Vumbi la chakula na maranda lilimkaba koo. Juu ya kila kitu, juu ya mihimili, juu ya nyaya, juu ya vyombo vya maji, lilikuwa limetanda vumbi hilo la kijivu. Viotani kulikuwa na mitetea saba tu. Wengine wote walikuwa chini wanapekua na kugombania pumba, kazi ya siku imekwisha. Pembeni alisimama jogoo mwekundu, mrefu, shingo imenyooka. Jua lilikuwa limeshapenya kwenye nyavu na yeye hakuwa na habari nalo.

"Huyu hawiki asubuhi?"

"Huyo? Mimi huwa namkuta ameshamaliza."

"Na mayai, siku zote yanakuwa tayari saa hizi?"

Priska alitua trei zake. "Si siku zote. Zamani tulikuwa tunaokota saa mbili, saa tatu, mpaka saa nne kapu halijajaa. Imeanza kama wiki tatu. Nikamuuliza Seleman, akasema amebadilisha chakula. Mimi chakula nakiona ni kilekile, mifuko ileile, lakini msimamizi akisema chakula ni kipya, utamfanyaje?"

"Kuna kingine kilichobadilika?"

"Turubai. Alituambia tushushe turubai za banda saa kumi na moja jioni, jua bado linawaka. Kuku wapumzike, anasema. Jumatatu, baada ya haya mambo, akasema basi, tusishushe tena."

"Jumatatu hiihii?"

"Hiihii. Gideoni yuko hospitali, polisi wamejaa uani, yeye anawaza turubai."

"Gari ya mayai inachukua mzigo saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri, mayai ya jana yake. Hiyo haijawahi kubadilika."

Salha alitoka nje kwa haraka iliyomfanya Brighton ainue kichwa. Alitembea mpaka uzioni, akarudi, akampigia simu Yudith, afisa mifugo wa kata, aliyepokea kwa sauti ya mtu aliyetolewa kitandani.

"Dada Yudith, samahani. Kuku anajuaje saa ya kutaga?"

"Umenipigia saa hizi kwa hilo?"

"Kuna mtu anafungwa kwa hilo."

Usingizi ukamtoka Yudith. "Anajua kwa mwanga. Taa ikiwaka, kwake kumekucha. Saa tatu, nne, tano baada ya hapo anataga. Ukiziwasha saa kumi alfajiri, wengi watataga kati ya saa moja na saa nne asubuhi."

"Mimi niko bandani sasa hivi. Wamekwisha kutaga, na mayai yamepoa."

"Basi taa hapo zinawaka mapema zaidi. Saa saba usiku, saa nane."

"Na kama zilikuwa saa saba, halafu siku tatu zilizopita mtu akazirudisha saa kumi?"

"Siku tatu hazitoshi. Swichi unaigeuza kwa kidole, mwili wa kuku unajivuta siku kwa siku. Wiki nzima, pengine zaidi. Hata wewe ukitoka zamu ya usiku unajua."

Alijua sana. "Na jogoo?"

"Jogoo hasubiri mwanga, anautangulia. Ana saa yake ndani, na saa hiyo inajirekebisha kwa mwanga aliouzoea. Anawika saa moja na nusu hivi, au mbili, kabla ya kile anachokijua yeye kuwa ni alfajiri. Akizoeshwa taa za saa saba, utamsikia saa tano na nusu usiku."

Salha alikata simu bila kuaga. Alikuwa anazidi kuwa mtu asiye na adabu asubuhi hiyo. Saa tano na nusu jogoo, saa saba taa. Katikati yake honi mbili getini, na saa sita na dakika arobaini pikapu iko mbele ya kamera. Mzee hakuwa amesogeza kitu. Kila alichokisema kilikuwa pale pale alipokiweka, isipokuwa usiku wenyewe, ambao mtu mwingine aliubeba na kuuhamisha.

Ilikuwa saa moja na robo.

*

Seleman aliwasili saa moja na dakika arobaini, shati limepigwa pasi, manukato yanatangulia. Alimkuta Salha ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na jalada magotini.

"Inspekta. Nilidhani leo mko mahakamani."

"Tunakwenda. Nimepitia maelezo yako, kuna kipengele karani wetu amekiandika vibaya, nisingependa wakili akitumie. Taa za mabanda zinawaka saa ngapi?"

"Saa kumi alfajiri."

"Tangu lini?"

"Tangu shangazi afungue shamba. Miaka minne."

"Haikuwahi kubadilika? Hata wiki moja, kwa majaribio?"

"Haikuwahi. Kuku hawapendi kuchezewa."

"Na swichi ya saa iko wapi?"

"Kwenye kisanduku pale ukutani. Kimefungwa, ufunguo ninao mimi peke yangu. Ukiwaachia hawa wafanyakazi watachezea."

"Umefanya vizuri kukilinda. Andika hapo hayo uliyoyasema, uweke saini. Koplo, na wewe saini kama shahidi."

Seleman aliandika kwa mwandiko mzuri. Salha alisubiri mpaka wino wa saini ya pili ulipokauka.

"Sasa kifungue."

Kisanduku kilifunguka kwa kukwaruza. Ndani mlikuwa na swichi ya saa ya kizamani, duara lenye vijino vya plastiki kuzunguka ukingo, kila kijino nusu saa. Ukikibonyeza taa inawaka, ukikiinua inazima. Vumbi la bandani lilikuwa limepita kwenye tundu la nyaya na kuvaa vijino vyote. Salha aliwasha tochi ya simu na kukisogelea.

"Koplo, hesabu vijino visivyo na vumbi."

Brighton alihesabu kwa kidole bila kugusa. "Sita, afande. Kuanzia saa saba usiku mpaka saa kumi."

"Sita vinavyong'aa, arobaini na viwili vina vumbi. Piga picha." Akamgeukia Seleman. "Nani alivishika?"

"Sijui. Mtu amevisafisha."

"Ufunguo unao wewe peke yako. Umeandika sasa hivi."

"Labda fundi umeme..."

"Fundi gani?"

Seleman akatoa leso na kujipangusa juu ya mdomo.

"Kuku wako wametaga kabla ya saa kumi na mbili, Seleman. Leo. Siku ya tatu tangu uzirudishe taa, bado wanaishi kwenye usiku uliowapa wewe."

"Utampeleka kuku mahakamani?"

"Saini yako inatosha. Na Priska, na turubai."

"Haya, nilibadilisha." Aliinua mikono. "Nilibadilisha, ni kosa? Wateja wanataka mayai mapema. Nilisahau kusema."

"Kama wateja wanataka mapema, mbona gari ya mayai haikubadilishiwa saa? Wiki tatu mayai yanatagwa mapema na kukaa kwenye trei mpaka kesho yake. Hukuyahitaji mapema. Ulimhitaji jogoo mapema." Salha alisimama, na sasa alikuwa ametulia kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Geti hili usiku halifunguliwi kwa mtu yeyote, hiyo ni amri ya shangazi yako. Linafunguliwa baada ya jogoo, kwa gari inayopiga honi mbili. Ukija alfajiri ya kweli, barabara ina watu, na gari ya mayai yenyewe iko njiani. Ukija saa sita, mzee hafungui. Ukamletea alfajiri saa sita."

Simu yake ikaita. Afande Zablon.

"Uko wapi? Karandinga limefika."

"Mzee asipande, afande. Aliyesogeza saa ninaye hapa, na maelezo yake ya uongo yamesainiwa mbele ya Koplo Brighton."

"Mwendesha mashtaka ameshashika hati."

"Basi nakuomba uishike wewe mpaka nifike. Dakika arobaini. Nikikosea, zamu za usiku za mwaka mzima nipangie mimi."

Upande wa pili kiti kikakwaruza sakafu. "Arobaini," sauti ikasema.

Aliposhusha simu, Seleman alikuwa amekaa kwenye ile ndoo. "Gideoni hakutakiwa kutoka," alisema. "Siku zote analala kama gogo. Sikumpiga mimi."

"Nani alimpiga?"

Akakitazama kisanduku kilichokuwa wazi. "Mwenye pikapu niliyoikodi. Mashine ziko Chang'ombe, kwake."

"Jina lake utamwandikia Koplo, kwa mwandiko uleule mzuri. Koplo, pingu."

*

Hati ya mashtaka haikusomwa. Saa tatu na nusu Bartolomayo aliletwa ofisini kwa Salha, akapewa kiti na chai ya maziwa, akarudishiwa mkanda na ile simu yake iliyoingia maji. Alishukuru kwa maneno machache, kisha akauliza ikawaje.

Salha alimweleza polepole. Alimweleza habari za taa, za turubai zilizoleta giza mapema, za kuku wanaofuata mwanga na jogoo anayeutangulia. Alitegemea mzee atacheka, au atamlaani Seleman. Mzee alisikiliza kikombe kikiwa mkononi, hanywi.

"Kwa hiyo jogoo wangu hakukosea," akasema.

"Hakukosea, mzee. Alidanganywa, na wewe pia. Hata ule usiku unaoushangaa kwa urefu, haukuwa uzee. Ulikuwa unaamka saa tano na nusu."

"Na lile gari, nilipolifungulia, ilikuwa saa ngapi hasa?"

"Saa sita usiku, au imepita kidogo."

Bartolomayo alitua kikombe mezani kwa uangalifu mwingi. Nje askari walikuwa wanaitana kwa zamu. Salha alisogeza karatasi zake, akazirudisha.

"Saa sita nisingefungua," mzee akasema. Akalifuta chozi kwa kiganja, bila haraka, na macho yake yalikuwa kwenye sakafu. "Nipeleke hospitali, mwanangu. Nikakae naye."